Mwezi Umeandama kwa Nani?

Mama hakuwa na swali la fikihi, yaani la sheria za dini. Alitaka kujua kuku wachinjwe leo au kesho.

Ilikuwa usiku baada ya funga ya ishirini na tisa, nyumbani kwetu Tanga, mwaka ule kaka yangu aliporudi kutoka masomoni Madina. Kwenye saa tatu simu yake ikalia, akasoma ujumbe, akainuka mkekani. "Allahu Akbar! Saudia wametangaza. Kesho Idi." Baba alikuwa amekaa karibu na redio, hakugeuza hata shingo. "Saudia wamewatangazia Wasaudia," akasema. "Sisi tunamsubiri Mufti." Tukamsubiri. Saa nne na nusu tangazo likaja: mwezi haukuonekana popote nchini, Ramadhani itatimia thelathini. Mama akamtazama mume, akamtazama mwana, akawatazama kuku wanne waliofungwa miguu pale uani. Akaniambia, "Wawili tuwachinje, wawili tuwaache."

Asubuhi kaka akavaa kanzu mpya akaenda uwanjani kusali Idi na wenzake. Baba akaenda sokoni akiwa amefunga. Pilau ililiwa chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, kana kwamba harufu ya bizari na mdalasini inajua kuheshimu mlango. Jioni mama akapika tena: tambi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, futari ya watu watatu.

Asiye Mwislamu anaweza kuona ni kichekesho cha familia tu. Lakini kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni haramu. Kwa hiyo siku nzima, katika nyumba ya vyumba vitatu, baba alimwona mwanawe yuko dhambini na mwana akamwona baba yake hivyo hivyo, na wote wawili wakala vya mkono wa mama mmoja.

Watu wakizungumzia dini na mabadiliko ya jamii huenda moja kwa moja kwenye mavazi ya wasichana, au masheikh na wachungaji wanaohubiri mtandaoni. Mimi hurudi kwa wale kuku. Hukumu ya mwezi haijabadilika hata herufi. Fungeni kwa kuuona, fungueni kwa kuuona, na mkifunikwa na mawingu timizeni thelathini. Baba anaihifadhi hadithi hiyo, na kaka anaihifadhi pamoja na wapokezi wake. Wanachogombania ni silabi moja ya Kiswahili: ile "ni" ya mwisho. Fungeni, nani? Mtaa? Nchi? Dunia?

Wakati wa utoto wa bibi yangu mzaa mama, "ni" hiyo ilikuwa watu wa kijiji chake na vijiji viwili vya jirani. Wageni hudhani sisi wa pwani tunautafuta mwezi baharini. Bahari yetu iko mashariki. Mwezi mwandamo hukaa magharibi, pale jua linapozama, kwa hiyo mtu wa Tanga huipa bahari mgongo akatazama bara, upande wa milima ya Usambara, na Usambara inapenda mawingu kuliko kitu chochote. Ramadhani ikiangukia masika ndiyo kabisa, unatazama blanketi. Unguja na Pemba wao wana bahari upande wa magharibi, upeo wao uko chini na wazi, ndiyo maana habari za mwezi kutoka visiwani zimeaminiwa sana kwetu. Na mwezi wa huku karibu na ikweta haukusimama wima kama ule wa kwenye bendera. Umelala chali, pembe juu, kama dau. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kwa kila aliyedai kauona: pembe zake zimeelekea wapi? La pili: ulikuwa upande gani wa pale jua lilipozama? Watoto wengi waliotaka sikukuu mapema waliishia kwenye swali la kwanza.

Bibi aliwahi kuuona. Alikuwa mke kijana, ametoka nyuma ya nyumba kuanua nguo, mawingu yakafunuka kidogo, akauona kama ukucha, mara yakafunika tena. Akamwambia mumewe, mumewe akaenda msikitini, akarudi na jibu. Mwezi wa kufungulia hutaka mashahidi wawili, tena wanaume; hayo ndiyo madhehebu yetu ya Shafi. Hakukuwa na mwanamume aliyeuona. Kijiji kikafunga siku ya thelathini. Lakini fikihi hiyo hiyo iliyomkatalia ushahidi inasema mtu aliyeuona kwa macho yake mwenyewe haruhusiwi kufunga. Afungue, ila kwa siri, asiwatie watu shakani. Bibi akala tende moja nyuma ya jiko, akanywa maji, akaendelea kuwapikia waliofunga. Alinisimulia akiwa na miaka zaidi ya sabini na bado alinong'ona.

Kisa hicho huwa nawapa wanaoniambia kwamba zamani umma ulikuwa kitu kimoja na simu ndiyo imetugawanya. Idi mbili katika nyumba moja zilikuwepo. Ya pili ilikuwa inaliwa nyuma ya jiko.

Kaka anapenda kusema watu wa pwani wamechanganya dini na mila. Mimi humuuliza, huu ni mwezi gani? Akisema Shawwal namwambia bibi aliuita Mfunguo Mosi. Dhul-Hijja ni Mfunguo Tatu, mwezi wa Maulidi ni Mfunguo Sita, na hesabu inaenda hivyo hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu huanza Muharram, nasi tunajua, ila kwenye hesabu yetu Muharram ni mwezi wa nne baada ya kufungua, basi. Wazee waliichukua kalenda nzima wakaifunga kwenye kigingi cha Ramadhani, na hakuna aliyedhani ameongeza kitu katika dini. Siku yetu nayo huanza magharibi: kwa wazee "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Redio ilipoanza kutaja siku kwa namna yake ndipo tukaanza kulazimika kusema "usiku wa kuamkia".

Redio ndiyo iliyoinyoosha ile "ni" hadi mipaka ya nchi. Kabla yake kulikuwa na simu ya waya, yaani telegrafu. Kebo ya baharini ilifika Unguja mwaka 1879, na kuanzia hapo habari ya mwezi ingeweza kumtangulia aliyeuona. Jambo hili liliwashughulisha wanazuoni kwelikweli. Shahidi ana uso, unaweza kumuuliza habari za pembe. Waya hauna uso. Huko Damascus, Jamal al-Din al-Qasimi aliandika kitabu kizima mwanzoni mwa karne ya 20 kutetea kwamba habari ya waya yafaa kufanyiwa kazi. Leo hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na mjadala. Baba yangu, ambaye hataki kusikia mwezi wa kwenye simu ya kaka, anaukubali mwezi wa kwenye redio kama vile redio iliteremshwa pamoja na msikiti.

Nilimwambia hivyo siku moja, kwa adabu. Akanijibu kwamba redio inatangaza maneno ya Mufti, na Mufti amepokea mashahidi. Sawa. Lakini Mufti wa nchi nzima naye ana tarehe. BAKWATA, baraza kuu la Waislamu analoliongoza, iliundwa Desemba 1968, mwezi uleule serikali ilipoipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikivuka mipaka ya nchi zetu, na kila alfajiri ya Idi unapovuka Horohoro kuingia Kenya unatoka kwenye mwezi wa Mufti kuingia kwenye mwezi wa Kadhi Mkuu. Mara nyingi ni mwezi uleule. Mara nyingine sio. Vanga na Tanga ni majirani wanaooana; mpaka kati yao ulichorwa na Waingereza na Wajerumani. Baba anapofunga na Tanzania, nani alimchorea matlai yake, yaani eneo la mwezi wake?

Sisemi baba amekosea. Ana hoja, tena nzito kuliko anavyoieleza. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Kurayb, aliyekwenda Sham, yaani Syria, akauona mwezi huko usiku wa Ijumaa pamoja na watu wa Muawiya, mtawala wa huko, kisha akarejea Madina kabla mwezi haujaisha. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza, mliuona lini? Akasema usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema, sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kurayb akamuuliza, hivi hautoshi mwezi wa Muawiya? Akasema hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Hapo Mashafi wakajenga kanuni yao kwamba kila mji na mwezi wake. Wengi katika madhehebu mengine wakaifasiri ile "fungeni" kuwa ni ya Waislamu wote: ukionekana popote umeonekana. Kitu kinachonivutia ni kwamba tofauti hii iliishi vitabuni zaidi ya miaka elfu moja bila kumchinjia mtu kuku wawili wawili. Ngamia wa Sham alikuja na habari ya mwezi wiki kadhaa baadaye. Ilikuwa rai isiyo na kazi. Ikapata kazi siku ambayo habari ya Riyadh ilianza kufika Ngamiani, hapa Tanga, kabla maji ya tarawehe hayajakauka mikononi.

Na kwetu ukaidi wa ugomvi huu una utamu wa pekee, kwa sababu Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na ushee mashariki zote mbili. Saa zao ni saa zetu. Mwezi mchanga huonekana kwa urahisi zaidi kadiri unavyokwenda magharibi, kwa kuwa unazidi kukua. Hoja ya "wao ni mbali" ingemfaa mtu wa Morocco kuliko sisi. Kaka aligundua jambo hili kwenye ramani akalileta mezani kama mtu aliyefunga bao la ushindi. Baba akafikiri. Akasema, "Basi kama ni mstari mmoja, mbona sisi hatukuuona?" Kaka akanyamaza.

Idi ndogo ina afadhali. Kubwa, ile ya Mfunguo Tatu, ndiyo ngumu. Zamani mahujaji wetu walipanda meli, na mpaka warudi hakuna aliyejua walisimama Arafa siku gani. Funga ya Arafa ilikuwa tarehe tisa ya hapa kwetu, hadithi imekwisha. Siku hizi unakaa sebuleni unawaona maelfu kwa maelfu wamesimama pale uwandani na shuka zao nyeupe, moja kwa moja, na kalenda yako ya ukutani inasema leo ni nane. Utafunga kesho, siku ambayo wao wanachinja? Hapa hata mama aliyumba. "Mimi nimewaona kwa macho," alisema, "wamesimama." Na hadithi inasema kuona. Televisheni ikampa mama ushahidi ambao bibi alinyimwa alipokuwa na mwezi wenyewe juu ya kichwa chake. Tangu mwaka ule anafunga Arafa na mahujaji, na Idi anasali na baba. Hakuna sheikh aliyemfundisha mpango huo.

Katika ugomvi wote huu majirani zetu Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kihindi, hututazama kwa huruma. Wao wanafuata hesabu ya tangu enzi za Fatimiyya Misri: miezi inapishana thelathini na ishirini na tisa, Ramadhani daima thelathini. Idi yao hutangulia yetu siku moja au mbili na wanaijua mwaka mzima kabla. Nilipokuwa mdogo tuliwacheka, tukasema hawa wanafunga kwa karatasi. Mwenye duka tuliyekuwa tukinunua kwake vitambaa alikuwa anamuuliza mama, "Nyinyi bado hamjajua tu?" Na ukweli ni kwamba dunia ya mishahara imekuja upande wake. Mvuvi na mkulima hawakuwa na haja ya kujua Idi wiki tatu kabla. Ikifika imefika, nyavu zinasubiri. Fundi cherehani anataka kujua. Mwenye basi la Dar anataka kujua. Shule zinapanga mitihani. Serikali inachapa kalenda na kuandika chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba Idi itategemea kuandama kwa mwezi, sentensi ambayo siku zote huiona kama kasri ndogo ya zamani iliyobaki katikati ya ofisi.

Dada yangu ni muuguzi Leicester. Zamu za wodini zinatoka wiki nyingi mbele, na msimamizi wake hawezi kupewa jibu la "inategemea mawingu". Kwa miaka ya mwanzo aliomba likizo ya siku mbili ili apatie mojawapo. Sasa yeye na mumewe wanasali msikiti unaofuata hesabu ya wanaastronomia, wameshaandika Idi za miaka mitano kwenye kalenda ya jikoni. Hawako peke yao: Baraza la Fikihi la Amerika Kaskazini lilichukua msimamo wa hesabu mwaka 2006, na Uturuki inatumia kalenda ya hesabu kwa miaka mingi. Huko Misri, Ahmad Muhammad Shakir, mwanachuoni wa hadithi ambaye hakuna awezaye kumwita mpenda uzushi, aliandika mwaka 1939 kwamba Mtume aliamrisha kuona kwa sababu umma wake ulikuwa hauandiki wala hauhesabu. Sababu ikiondoka, amri inahamia kwenye hesabu. Nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho akasema mtu huyo ana akili sana na yeye hatamfuata.

Ila msidhani mzee ameganda. Kwenye simu yake kuna programu inayoonyesha umri wa mwezi kwa saa na dakika. Tarehe ishirini na tisa mchana anaifungua, anavaa miwani, anatangaza: "Leo una saa nane tu. Hauwezi kuonekana." Na magharibi ikifika anatoka nje kuutafuta. Nilipomuuliza anatafuta nini, alisema hesabu inamwambia mwezi hautaonekana, haimwambii asitazame.

Zaka ya fitri nayo ina kisa chake, ambacho nakipenda kwa sababu ya neno moja. Fitri kwa Mashafi ni chakula: pishi moja ya nafaka kwa kila kichwa, vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu za mchele, imfikie masikini kabla ya sala ya Idi. Mahanafi wanaruhusu fedha, Mashafi hapana. Sasa dada yuko Leicester, masikini wetu wako Mikanjuni, na Idi ya dada inatangulia ya baba kwa siku. Atabeba vipi pishi? Anatuma pesa kwa simu, mimi nanunua mchele, nagawa kwa niaba yake. Imamu wa mtaa wetu alipoulizwa alisema hakuna tatizo, wewe ni wakala wake. Katika vitabu, wakala ni yule uliyemkabidhi jambo lako akutendee. Nikatoka msikitini nikaenda kibandani kutoa zile pesa, na juu ya dirisha la yule kijana pameandikwa kwa rangi nyekundu: WAKALA. Nilicheka peke yangu mpaka akaniuliza kulikoni. Fikihi haikusogea hata inchi. Neno lake lilikuwa limekaa barabarani likitusubiri.

Kaka sasa ni mwalimu wa sekondari, ana watoto watatu na ndevu zenye mvi. Bado Idi yake ni ya Makka. Inapoangukia siku ya kazi huomba ruhusa, anasali, anakula pilau kwake, na kesho yake anamleta mkewe na watoto kwa baba kula Idi ya pili. Watoto wanaamini kila mtu duniani ana sikukuu mbili. Mwanzoni alikuwa anakuja amekunja uso, akikaa kama mgeni wa msiba. Mwaka gani uso ulikunjuka siukumbuki. Hakuna aliyemshinda mwenzake kwa hoja, hilo nalijua, maana hoja bado ni zilezile na bado zinaletwa mezani. Na kuku wanachinjwa wote wanne siku moja. Mama alikata shauri kwamba friji ni neema.

Mimi mwenyewe nafunga na baba. Ningependa kusema ni kwa dalili za vitabuni, ila nikisema kweli ni kwa sababu ya ile robo saa. Tarehe ishirini na tisa mtaa mzima hutoka, au tuseme wale wazee waliobaki na watoto wanaowafuata, wanasimama kwenye kile kilima kidogo nyuma ya shule, wameipa bahari mgongo. Mtu anaonyesha kidole. Mwingine anasema hilo ni wingu. Hapo hakuna mwenye elimu zaidi ya macho.

Mwaka jana dada alipiga simu ya video tukiwa pale juu. Kwao ilikuwa bado mchana, mwanawe mdogo ametoka shule, na Idi yao ya kesho ilikuwa imeandikwa kwenye friji tangu Januari. Lakini mtoto alitaka kuuona. Na jioni ile Usambara ilituonea huruma: ulikuwepo, mwembamba, umelala chali. Nikaigeuza simu kuelekea magharibi, nikaikuza picha mpaka mwisho. Kwenye kioo palikuwa na weusi, nukta za kijivu na bega la mtu.

"Siuoni," mtoto akasema. "Siuoni, babu."

Baba akainama kwenye simu. "Huuoni kabisa?"

"Kabisa."

"Basi timiza thelathini," baba akamwambia, na kaka, aliyekuwa amekula Idi yake tangu asubuhi, ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.